Ndege wanaochimba: Jumapili kwenye mchanga wa Lualaba

Mwezi wa nane maji ya Lualaba yanashuka. Hapa Kongolo kila mtu anaona, hata yule asiyekwenda mtoni. Mama wauza samaki wanabadilisha bei, mitumbwi inakwama mahali ambapo mwezi wa nne ilikuwa inapita bila shida, na katikati ya mto inatokea migongo mirefu ya mchanga mweupe. Ni wakati huo ndege wa mto wanashuka kwa wingi, juu ya mchanga huo huo.

Sisi wa ukurasa huu tumezoea kuwaandikia habari za bei ya koltani, za barabara ya Nyunzu, za treni ambayo ilisemwa itafika na haikufika. Safari hii tunawaletea habari ya ndege. Msigeuze ukurasa haraka, wandugu wachimbaji: ndani yake kuna mashimo pia.

Mambo yote yalianza na kaye. Katika familia moja ya hapa Kongolo, ambayo tunaijua tangu zamani, kuna mtoto msichana wa miaka 12 anayeandika majina ya ndege. Alianza mwaka jana, wakati nkambo yake, mvuvi wa zamani, alivunjika mguu na kukaa barazani miezi mingi. Mzee hakuwa na kazi, akawa anaangalia ndege. Mtoto alikuwa karibu, akawa anamwuliza. Kaye hiyo amegawanya kurasa zake mara tatu: upande mmoja Kihemba, katikati Kiswahili, upande mwingine Kifaransa. Katikati ndiko kuna mapengo mengi. Sisi kwa Kiswahili chetu cha hapa tunasema tunyunyi, basi, imekwisha: kanyunyi kakubwa, kanyunyi kadogo, kanyunyi keusi. Na ukisema ndeke, mtu anainua kichwa kutafuta avion.

Baba wa mtoto huyu anachimba koltani kule Kisengo, upande wa Nyunzu. Anarudi nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka, lakini sikukuu ya wazazi, tarehe 1 Agosti, haimpiti: asubuhi kusafisha makaburi ya wazee, mchana kula pamoja. Mwaka huu alikuja na marafiki wawili wa shimo moja, mfuko wa sukari, kitenge cha mama, na jozi moja ya bote mpya, namba 41. Bote hizo zilikuwa za mtoto wake wa kiume, miaka 16. Kila mtu nyumbani alielewa bote zinasema nini. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili iliyofuata msichana aliomba kitu kimoja tu: waende wote mtoni kuangalia ndege, na baba pia. Wanaume walitaka kwenda peke yao, mama abaki kupika. Mama akakataa. «Mutaenda kuangalia tunyunyi, na mimi nitabaki napika? Haina vile. Tunaenda wote, na chungu inaenda pia.»

Basi tulikuwa watu 11: baba, mama, nkambo na fimbo yake, msichana, kaka yake, mdogo wao wa miaka 6, wale marafiki wawili, mwalimu mmoja wa biolojia ambaye ni rafiki wa familia, na sisi wawili wa gazeti. Mwenye mtumbwi hatumhesabu, yeye alikuwa kazini. Vyombo vilikuwa kaye, kalamu mbili, na jumele ya mwalimu ambayo jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Tuliitumia hivyo hivyo, kama mtu anayelenga bunduki.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, kabla ya jua. Misa ya kwanza ilitupita, na padri atatusamehe. Chini ya daraja kubwa la reli, ndege wadogo weusi wenye kiuno cheupe walikuwa wanazunguka kwa fujo. Hawakai chini hata siku moja, alisema mwalimu. Miguu yao ni mifupi mno, wanashika tu ukuta. Juu ya vyuma, kunguru wawili wenye shati jeupe kifuani. Msichana aliandika yote mawili kabla hatujaweka mizigo vizuri.

Mtu asiyezoea anafikiri kuangalia ndege ni kuangalia juu. Nkambo alitufundisha jambo lingine: unaangalia chakula. Penye mti uliokufa juu ya maji, ngoja hapo, atakuja mvuvi. Na kweli, kwenye tawi kavu alikuwa amekaa tai mwenye kichwa cheupe, yule ambaye wengine wanamwita nkwazi au furukombe. Akatupa kichwa nyuma, akalia sauti ile ambayo kila mtu wa Lualaba anaijua hata kama hajui ni ya nani. Mbele kidogo, yule mvuvi mdogo mwenye manyoya meusi na meupe alikuwa anapiga mabawa hewani bila kusonga, kama amefungwa kamba, halafu akaanguka kichwa mbele ndani ya maji. Mtoto wa miaka 6 alipiga makofi. Mara ya tatu tu ndipo ndege alitoka na samaki. «Ata yeye anakosaka,» alisema mmoja wa wachimbaji, akifurahi sana.

Juu ya mingazi ya ukingo wa kushoto tuliona ndege mkubwa mweupe na mweusi, uso mwekundu. Wale wa kareri walisema ni tai. Mwalimu alisema ni tumbusi, lakini tumbusi wa ajabu: chakula chake kikubwa si mizoga, ni ngazi. Anakula nyama ya tunda lile lile ambalo sisi tunakamua mafuta. Mama, ambaye anauza mafuta ya ngazi sokoni, alimtazama kwa jicho baya. «Njo huyu mwizi?» Tangu hapo jina lake katikati ya kaye, upande wa Kiswahili, ni Mwizi wa Ngazi. Tunaona ni jina zuri kuliko lile la Kifaransa.

Kulikuwa na jambo la fundichuma pia. Huyu ni ndege wa rangi ya udongo, kichwa chake kina umbo la nyundo, na kiota chake ni mlima wa vijiti, maelfu ya vijiti, na chumba ndani kilichosilibwa kwa matope. Tulikiona kimoja kwenye panda ya mti mkubwa. Mwenye mtumbwi aliacha kupiga kasia, hakutaka tukinyoshee kidole. Kwao wanasema anayekibomoa anapata msiba nyumbani. Mwalimu alianza kubisha. Nkambo akamkata: «Acha, mwalimu. Hiyo woga njo inalinda kanyunyi.» Hapo mwalimu akanyamaza, na sisi tunaona mzee alisema sawa.

Lakini yote haya ni njia tu. Mahali tulipokawia, na pale wachimbaji wetu watatu waliamka kabisa, ni ukingo mmoja wa udongo mwekundu, umesimama wima kama ukuta, mita tatu hivi juu ya maji. Ukuta huo ulikuwa umetobolewa matundu mengi, safu juu ya safu. Katika matundu hayo walikuwa wanaingia na kutoka ndege wadogo wazuri, mgongo wa kijani, koo jekundu, paji la uso jeupe. Ni wala-nyuki. Mmoja hana hata gramu 40, na tundu lake linaingia ndani ya ukingo kama mita moja, na mwisho wake kuna chumba cha mayai.

«Beko na chimba na nini?» aliuliza baba.

Na mdomo, alijibu mwalimu. Mdomo unapasua udongo, halafu miguu inautupa nyuma. Jike na dume wanapokezana.

Basi ungeona! Watu watatu ambao tangu asubuhi walikuwa wanapiga mwayo, sasa walisimama mtumbwini mpaka mwenye mtumbwi akagomba. Walitaka kujua kwa nini ukuta hauporomoki. Walijibu wenyewe: udongo ule si mchanga mtupu wala si mfinyanzi mtupu, umeshikana, na matundu yameachiana nafasi. Rafiki mmoja, ambaye kazi yake kule ni kuweka miti ya kuzuia shimo lisianguke, alihesabu nafasi kati ya tundu na tundu kwa kidole, kutoka mbali, jicho moja limefumbwa. Alisema hakuna aliyechimba juu kabisa ya mwenzake. «Hawa banajua kazi,» alisema. «Kwetu mutu anakuja usiku, anafungua shimo juu ya shimo yako.»

Kisha akauliza swali ambalo mchimbaji peke yake anaweza kuuliza: na hewa?

Mwalimu alifurahi sana na swali hilo. Kuna watu waliopima hewa ndani ya matundu ya wala-nyuki. Walikuta kwamba watoto wakiwa wengi chumbani hewa mbaya inapanda, ile tunayotoa tukipumua, pamoja na ile harufu kali ya kinyesi. Lakini kila mzazi anapoingia na chakula, mwili wake unajaza tundu kama pistoni ya mashini na kusukuma hewa, akitoka, anaivuta. Kwa hiyo mwenye kulisha watoto ndiye pia anawapelekea hewa. Asipokuja mara nyingi, wanakosa vyote viwili.

Wachimbaji hawakusema kitu. Mmoja aliosha mikono yake majini muda mrefu kuliko inavyohitajika. Baadaye tulijua kwa nini.

Mwalimu aliendelea, na hapa tunaandika kwa kirefu kwa sababu ndipo siku yote iligeuka. Ndege hawa, wa koo jekundu na paji jeupe, walichunguzwa miaka mingi kule Nakuru, Kenya, na Mmarekani anayeitwa Stephen Emlen wa chuo kikuu cha Cornell, pamoja na wenzake. Waliwatia alama mmoja mmoja, wakajua huyu ni baba wa nani, huyu ni shangazi wa nani. Waligundua wanaishi kwa ukoo kama sisi. Kijana ambaye hana kiota chake anasaidia kulisha wadogo zake, au watoto wa kaka yake. Na familia yenye wasaidizi inakuza watoto wengi zaidi, maana wadudu wakikosekana watoto wengi wanakufa kwa njaa tundu­ni.

Lakini kuna jambo lingine. Mwaka 1992 Emlen na mwenzake Peter Wrege walitangaza walichokiona: mara nyingine kijana ameoa, amechimba tundu lake, anataka kuanza maisha yake. Baba yake anakuja kumsumbua. Anamfukuzafukuza, anamzuia kumpa mkewe chakula, anakaa kwenye mlango wa tundu asiingie. Anafanya hivyo siku nyingi, mpaka kijana anachoka, anaacha tundu lake, anarudi kwa baba kumsaidia kulisha watoto wa baba.

Kimya kiliingia mtumbwini. Kijana wa miaka 16 alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa bote zake mpya. Bila kugeuka, akasema polepole: «Njo vile na sisi.»

Mama alicheka kwanza, halafu akaacha. Baba alitazama maji. Nkambo peke yake ndiye aliyejibu, na alijibu kama mtu anayeongea habari ya hali ya hewa: «Kanyunyi hana shule. Angalikuwa na shule, tungeona.»

Tulishuka juu ya mgongo wa mchanga saa tatu asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Hapo tulikuta wale ambao msichana alikuwa anawatafuta tangu mwaka jana. Ni ndege weusi juu, weupe chini, mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, na mdomo huo una kilema: wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Unaweza kufikiri alivunjika. Lakini anaporuka anashuka mpaka karibu na maji, anafungua mdomo, anaingiza ule wa chini tu ndani ya maji na kwenda nao kama mtu anayekata kitambaa na makasi. Ukigusa samaki, unafunga. Kifaransa wanamwita bec-en-ciseaux. Nkambo alikuwa na jina lake la Kihemba tayari, na alilisema mara mbili ili liandikwe vizuri.

Ndege hawa wanataga kwenye mchanga mtupu, katika kishimo kidogo, wakati maji yameshuka. Hakuna majani, hakuna kivuli. Jua likiwa kali, mzazi anakwenda kulowesha tumbo lake mtoni na kurudi kulalia mayai ili yapoe. Sisi tuliona mmoja akifanya hivyo mara nne kwa muda wa kuvuta sigara mbili. Na rangi ya mayai ni rangi ya mchanga, hata ukiambiwa yako hapa bado unatafuta.

Mtoto wa miaka 6 aliyaona kwanza. Matatu. Mkono wake ulikwisha fika. Kijijini mtoto akikuta mayai anaokota, hakuna anayemgombeza, ni chakula. Msichana alimshika shati kwa nyuma, akaanguka makalio. Alilia. Baba alikuja haraka, tukafikiri atampiga msichana. Lakini aliinama, akaangalia yale mayai, akaangalia mguu wake mwenyewe ambao ulikuwa umekanyaga karibu sana, alama ya kisigino iko sentimita kumi toka pale. «Turudi nyuma,» alisema. «Wote. Mukanyage fasi tulikanyaga.» Tulirudi kwa mstari mmoja, kama watu wanaotoka katika uwanja wa mabomu, tukahamia mwisho mwingine wa mchanga. Ndege aliyekuwa anapiga kelele juu ya vichwa vyetu alishuka baada ya dakika chache tu.

Chakula kililiwa chini ya turubai: bukari, sombe na mafuta ya ngazi, samaki wa kuchoma ambaye nkambo alinunua njiani kwa mvuvi kwa kubishana sana. Tukishiba, ndipo yule rafiki wa kuweka miti, aliyeosha mikono muda mrefu, akasema.

Ilikuwa kwenye kareri moja ambayo hatutaitaja. Shimo lilijaa maji ya mvua. Mwenye shimo alileta motopompe, na kwa sababu mpira wake ulikuwa mfupi wakaiteremsha ndani, ikawa inanguruma kule chini. Baada ya muda watu wawili walishuka kuangalia kwa nini imezima. Hawakujibu. Wa tatu akashuka kuwavuta, naye hakujibu. «Mimi nilikuwa wa ine,» alisema. «Banguo yangu nilikwisha kutosha. Mutu moja akanishika mukono.» Walikuwa wamewasha mshumaa kabla ya kushuka, na mshumaa haukuzimika. Ndiyo maana hawakuogopa.

Mwalimu alieleza, na tunaomba kila mwenye mume, kaka au mtoto kareri amsomee sehemu hii kwa sauti. Mshumaa ukizimika unakuambia hewa ya kupumua imepungua. Moshi wa motere unaleta sumu nyingine, kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mshumaa unaendelea kuwaka vizuri ndani yake. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, miguu kulegea, halafu analala. Kwa hiyo motopompe na jenereta zinabaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upepo ukipeleka moshi upande mwingine. Mpira mrefu una bei, ndiyo, lakini ni mpira tu. Na mwenzako akianguka chini bila jibu, usimfuate bila hewa kuingizwa kwanza.

Hapo mwalimu alirudi kwa ndege. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanashuka na ndege mdogo wa njano katika kitundu, kanari. Mganga John Scott Haldane ndiye aliyeshauri jambo hilo, mwishoni mwa miaka ya 1890. Ndege anapumua haraka kuliko mtu, mwili wake ni mdogo, sumu inamfikia mapema. Akianguka kwenye kijiti chake, watu wanakimbia nje. Na si kwamba waliwaacha wafe: vilitengenezwa vitundu vyenye chupa ndogo ya oksijeni, wakifunga mlango ndege anaamka. Wachimbaji waliwapenda, walikuwa wanawaimbia. Ndege hao waliondolewa kazini mwaka 1986 tu, walipoletewa mashini za kupima hewa.

«1986?» alisema baba. «Mimi nilikuwa nimezaliwa.»

«Na sisi leo hatuna mashini, hatuna kanyunyi,» alisema rafiki.

Kuna mtu wa kazi yetu, yaani kazi yenu, ambaye jina lake lingepaswa kujulikana zaidi hapa Tanganyika. Alexandre Prigogine alizaliwa Urusi mwaka 1913, akahamia Ubelgiji, akaja kufanya kazi ya madini huku Kongo, kwenye dhahabu ya Kamituga. Ndugu yake Ilya alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Yeye, wakati wake wa kupumzika, alikuwa anatafuta ndege milimani, pamoja na watu wa vijiji waliojua misitu na ambao majina yao hayakuandikwa sana vitabuni. Mwaka 1951 alipatikana Itombwe bundi mmoja ambaye wataalamu hawakumjua. Wakampa jina la Prigogine, halafu bundi huyo hakuonekana tena kwa macho ya mtaalamu mpaka mwaka 1996. Yeye mwenyewe mwaka 1955 alimwandika ndege mdogo wa mlima Kabobo, huku huku jimboni kwetu, upande wa ziwa juu ya Kalemie. Na milima ya Marungu, katika territoire ya Moba, ina chozi mdogo wa rangi ya kung'aa anayeitwa kwa jina lake pia, na ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Mlima Kabobo umekuwa hifadhi tangu mwaka 2016.

Kijana wa bote alisikiliza hayo yote bila kuuliza kitu. Halafu akauliza kimoja: «Huyo Prigogine alisoma mpaka wapi?»

Mwalimu alimjibu kwamba alisoma chuo kikuu. Baba alisikia swali na jibu.

Mchana tuliteremka kidogo tena, kuelekea Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu, mahali ambapo mto huu mpana unabanwa kati ya mawe na kuanza kunguruma. Ni kwa sababu ya hapo meli haziwezi kupita kwenda Kasongo na Kindu, na ndiyo maana wakoloni walijenga reli kutoka Kindu mpaka Kongolo. Mwenye mtumbwi alituteremsha mbali, akakataa kusonga hata mita moja, na alifanya vizuri. Tulitembea kwa miguu kwenye ukingo. Juu ya mawe yaliyozungukwa na povu walikuwa wamekaa ndege wadogo wa kijivu, miguu myekundu, mkufu mweupe nyuma ya shingo. Wanataga juu ya jiwe lenyewe, bila kiota, wakati maji yako chini. Maji yakipanda mapema, mayai yanakwenda. Tulikaa saa moja hapo. Hakuna aliyeongea sana, kwa sababu ya kelele ya maji, na pia kwa sababu tulichoka.

Kurudi kulikuwa kugumu, kasia dhidi ya mto. Wachimbaji walipiga kasia, mikono yao imezoea. Kijana alivua bote maana zilimbana, akapiga kasia pekupeku.

Jioni msichana alihesabu: majina 34 ya Kifaransa, ingawa mwalimu anakubali 32 tu, 23 ya Kihemba, na upande wa Kiswahili 14, ikiwa pamoja na Mwizi wa Ngazi na Fundi Makasi. Majina mawili nkambo alikataa kuyatoa, alisema atayatoa mwaka kesho ili wasimsahau.

Jumanne asubuhi baba na marafiki wake waliondoka na pikipiki kwenda Nyunzu. Sisi tulipita kuwaaga. Bote namba 41 zilikuwa zimefungwa nyuma, juu ya mifuko, kamba ya mpira imezipitia katikati. Mama alikuwa mlangoni na makuta ya minerval ya muhula wa kwanza yamefungwa kwenye pindo la kitenge kipya. Baba alikuwa amempa usiku, bila maneno. Rafiki wa kuweka miti alituomba jambo moja, tuandike ile ya mshumaa na motopompe. Tumeandika.

Wanaotaka kwenda na familia wasikawie: mchanga unaonekana mpaka mvua za mwezi wa kumi zianze. Patana na mwenye mtumbwi bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, mwambie mapema kwamba hamtavuka pale mto unapoanza kunguruma, na watoto wasioge, mamba wapo. Chukua kofia, maji ya kunywa, na mzee mmoja anayejua majina. Kwenye mchanga tembea kwenye unyevu karibu na maji, usipite katikati, na manati iachwe nyumbani.